Vikundi vya maigizo ni tele, lakini fikra mpya zi wapi?

Kila mwaka, Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu la shule na vyuo linapofika tamati, huwapo vijana wanaorejea nyumbani wakiwa na azma moja tu: kuanzisha kikundi cha maigizo. Hujipa jina, hutafuta ukumbi wa kanisa usio na shughuli siku za wiki, kisha huanza mazoezi. Baadhi ya vikundi hivyo hudumu. Vingi husambaratika kabla ya kuandaa onyesho la tatu, waigizaji wakikimbilia televisheni, matangazo ya biashara au kazi nyingine yoyote yenye mshahara wa mwisho wa mwezi.

Ndiyo maana swali linalozushwa kila mara na wapenzi wa sanaa ya jukwaani nchini Kenya, kwamba je, fani hii inahitaji vikundi vipya, halina jibu jepesi. Wapo wanaoshikilia kuwa vikundi vilivyozoeleka vimechakaa na havina jipya la kuonyesha. Wapo wanaosema vikundi vimezidi, na kwamba kinachotakikana ni fikra. Pande zote mbili zina hoja, ila zote mbili huruka jambo la msingi. Vikundi havijawahi kuadimika Kenya, na vipaji hali kadhalika. Kilichoadimika ni mchezo wa kuigiza unaoishi zaidi ya wikendi moja.

Hebu itazamwe hesabu yenyewe. Kikundi cha Nairobi hukodi ukumbi kuanzia Ijumaa hadi Jumapili. Kabla ya pazia kufunguliwa, kimekwisha kulipia mabango, mavazi na nauli za waigizaji waliofanya mazoezi kwa majuma kadhaa. Gharama zote hizo, pamoja na kodi ya ukumbi, sharti zirudi kupitia tiketi za siku hizo tatu. Jumatatu ukumbi huwa wa mtu mwingine. Mandhari ya jukwaani hubomolewa usiku wa Jumapili na mbao zake kuwekwa mahali pa kungojea mchezo ujao, iwapo kikundi kina mahali pa kuziweka.

Katika hali hiyo, mwelekezaji mwenye busara hachagui mchezo utakaoeleweka polepole na kusifiwa kwa mdomo hadi ukumbi ujae wiki ya tatu. Wiki ya tatu haipo. Huchagua kile ambacho ana hakika kitauzika Ijumaa usiku: vichekesho vya ndoa, vya wakwe, vya mume aliyefumaniwa, vya jirani aliyetajirika ghafla. Heartstrings na Festival of Creative Arts ni miongoni mwa vikundi vilivyoinukia katika mkondo huu, na haitakuwa haki kuvibeza. Viliwaingiza ukumbini watu ambao hawakuwa wamewahi kununua tiketi ya mchezo wa kuigiza maishani mwao, na vikawapa kazi waigizaji ambao baadaye walitamba kwenye televisheni.

Lakini mtindo huo una gharama yake. Mchezo ukishachezwa mara tano au sita, hutupwa. Mswada wake hauchapishwi, hautafsiriwi wala hauonyeshwi tena na kikundi kingine. Mtafiti atakayetaka kuandika historia ya jukwaa la Nairobi la miaka ya 2000 atapata mabango mengi kuliko miswada.

Mfumo tofauti uliwahi kuwepo. Donovan Maule na mkewe walianzisha ukumbi wao jijini Nairobi mwaka 1948, ukiwa na waigizaji wa kulipwa waliotoa mchezo mmoja baada ya mwingine. Ulikuwa ukumbi wa walowezi, wenye ladha ya London, na Mwafrika hakuwa na nafasi kubwa humo. Phoenix Players, kundi lililozaliwa miaka ya 1980 chini ya uongozi wa James Falkland, lilirithi mtindo huo wa kuwa na nyumba yake na wanachama waliolipa ada ya kila mwaka. Humo ndimo Lupita Nyong'o alimoigiza Juliet wa Shakespeare akiwa na umri wa miaka 14. Wengi walijifunza kazi humo: kusimama, kutamka, kungoja zamu yao, kushika muda. Kufikia mwaka 2017 milango ya Phoenix ilikuwa imefungwa, baada ya kundi hilo kulemewa na kodi. Lilikuwa na lawama zake, ikiwemo ile ya kupenda michezo ya ng'ambo kupita kiasi. Hata hivyo, halijapatikana kundi jingine Nairobi lililoweza kumwambia kijana kwamba njoo kesho, na kesho kutwa, na mwaka ujao, utatukuta papa hapa.

Ukumbi wa Kitaifa wenyewe, uliofunguliwa mwaka 1952 katika barabara ambayo sasa inaitwa Harry Thuku, haujawahi kuwa na kundi la kudumu la namna hiyo kwa muda wa kutosha. Ulifunguliwa mwaka ule ule ambao serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na kwa miaka mingi baada ya uhuru ratiba yake iliendelea kutawaliwa na vikundi vya wageni. Mnamo 1976, Kenya ilipojiandaa kupeleka michezo miwili katika tamasha la FESTAC mjini Lagos, ambayo ni ule wa Dedan Kimathi uliotungwa na Ngugi wa Thiong'o na Micere Mugo pamoja na Betrayal in the City wa Francis Imbuga, wahusika walilazimika kung'ang'ania siku chache tu za kuigiza ndani ya ukumbi unaoitwa wa taifa. Ukumbi huo ulikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2015. Viti ni vizuri na taa ni za kisasa. Utaratibu wa kuukodisha kwa siku haukubadilika.

Atafutaye mfano wa fikra mpya hana haja ya kwenda mbali. Yatosha kupanda gari hadi Limuru.

Kijijini Kamiriithu, katika miaka ya katikati ya 1970, wakulima wadogo na vibarua walikuwa na kituo cha elimu ya watu wazima. Kutokana na masomo hayo ndipo wazo la mchezo lilipochipuka. Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii waliandika rasimu ya Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu, wakaikabidhi kijiji. Wanakijiji hawakuipokea kama msahafu. Walirekebisha lugha ya wazee iliyoandikwa visivyo, wakaongeza nyimbo, wakasahihisha namna ya kula kiapo na namna ya kufunga harusi. Vibarua wa kiwandani walieleza jinsi ujira unavyohesabiwa na jinsi unavyoliwa. Mazoezi yalifanyika hadharani, mbele ya yeyote aliyetaka kutazama, na aliyetazama alikuwa na ruhusa ya kusema kwamba hapo mnakosea. Kufikia siku ya kwanza ya maonyesho, Oktoba 2, 1977, wengi katika hadhira walikuwa tayari wanaijua mistari.

Jukwaa lenyewe walilijenga kwa mikono yao, uwanja wa wazi wenye viti vya kukalia watu zaidi ya 2,000. Hapakuwa na wikendi ya kukodi, maana jukwaa lilikuwa mali ya kijiji.

Serikali iliufuta mchezo huo Novemba 16 mwaka huo huo. Ngugi wa Thiong'o alikamatwa siku ya mwisho ya mwaka na akakaa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka hadi Desemba 1978. Mwaka 1982 polisi walifika Kamiriithu na kulibomoa jukwaa lile. Mwelekezaji Kimani Gecau na Ngugi wa Mirii walikimbilia Zimbabwe, ambako walisaidia kukuza michezo ya jamii. Fikra iliyofukuzwa Limuru ikaota mizizi Harare.

Kinachosahaulika mara nyingi kuhusu Kamiriithu ni kwamba jipya lake halikuwa siasa peke yake. Michezo ya kukashifu wenye mali ilikuwapo kabla yake. Jipya lilikuwa swali la nani mwenye mchezo: nani anausahihisha, nani anamiliki jukwaa, na lugha ya nani inazungumzwa. Mwezi Mei 2022, takribani miaka 45 baadaye, kikundi cha Nairobi Performing Arts Studio kiliuleta mchezo huo katika Ukumbi wa Kitaifa kwa Kikuyu na kwa Kiingereza, na watu wakafurika. Inashangaza, na pengine inahuzunisha kidogo, kwamba mojawapo ya matukio yaliyosisimua zaidi jukwaani mwaka huo lilikuwa mchezo wa mwaka 1977.

Biashara kubwa zaidi ya maigizo Kenya hata hivyo haiko Nairobi usiku wa Ijumaa. Iko shuleni, asubuhi, katika bwalo la chakula.

Kwa miongo mingi vikundi vimezunguka nchi nzima vikiigiza vitabu teule vya fasihi. Basi dogo hufika lango la shule mapema, likiwa na waigizaji sita au saba, sanduku la mavazi na kipaza sauti. Meza husogezwa, shuka hutundikwa dirishani kuwa pazia, na wanafunzi wa kidato cha tatu na nne huketi wakiwa wameshika vitabu. Huigizwa tamthilia ya Kiswahili, kisha ya Kiingereza, na kabla ya saa saba basi huwa limeondoka kuelekea shule ya pili. Mwigizaji mmoja hubeba wahusika watatu. Kofia ikibadilika, mtu amebadilika. Kwa njia hii Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia, Mstahiki Meya na Bembea ya Maisha za Timothy Arege, pamoja na Kigogo cha Pauline Kea, zimetazamwa na vijana wengi kuliko mchezo wowote uliowahi kubandikwa bango jijini.

Wakosoaji huidharau kazi hii, wakidai ni ya haraka na huwalisha wanafunzi majibu ya mtihani. Kwa kiasi fulani wanasema kweli. Maonyesho mengine huruka kutoka dhamira hadi dhamira kama mwalimu aliyechelewa kumaliza silabasi. Lakini kazi hii ndiyo iliyowalisha waigizaji. Kijana anayechekesha watu Nairobi Jumamosi usiku huenda Jumanne alikuwa Machakos akiigiza Majoka kwa ujira wa siku. Ukiondoa shule, hesabu ya vikundi vingi haisimami.

Na shule zinaelekea kubadilika. Katika mfumo wa 8-4-4, kila mtahiniwa wa KCSE hulazimika kufanya karatasi ya fasihi katika Kiswahili na Kiingereza, na mwaka 2024 watahiniwa hao walikuwa zaidi ya 900,000. Kundi la mwisho la mfumo huo linafanya mtihani mwaka 2027. Katika sekondari pevu chini ya mtaala wa umilisi, Kiswahili na Kiingereza vinabaki kuwa masomo ya lazima, ila fasihi imetengwa na kuwa somo la kuchagua. Wanafunzi wa Gredi ya 10 walioanza Januari 2026 ndio wa kwanza kuupitia utaratibu huo. Kwa vikundi vinavyoishi kwa kuzunguka shuleni, hili ni jambo zito kuliko mjadala wowote kuhusu mitindo ya uigizaji, na ni ajabu jinsi linavyozungumzwa kidogo.

Suala la Kiswahili nalo lina kitendawili chake. Tamthilia za Kiswahili zilianza mapema nchini: wanafunzi wa Shule ya Upili ya Alliance, akiwemo Henry Kuria aliyetunga Nakupenda, Lakini, waliziandika na kuziigiza tangu miaka ya 1950, zikichipuka kando ya michezo ya Shakespeare iliyoigizwa hapo kila mwaka. Baadaye akaja Alamin Mazrui na Kilio cha Haki mwaka 1981, na mwaka uliofuata akatiwa kizuizini. Kwenye televisheni, Vitimbi na Vioja Mahakamani viliwakusanya Wakenya sebuleni kwa Kiswahili miaka nenda miaka rudi, na Mzee Ojwang' akawa jina la nyumbani. Hakuna awezaye kudai kwamba hadhira ya Kiswahili haipo. Lakini tazama bango la maonyesho ya jioni jijini Nairobi, na tamthilia kamili ya Kiswahili utaipata kwa nadra. Kiswahili hutiwa kama chumvi, hasa kinywani mwa bawabu na yaya. Mwenye nyumba huzungumza Kiingereza.

Ilhali mwaka 2012, kampuni ya maigizo kutoka Kenya ilipoalikwa na ukumbi wa Globe jijini London pamoja na makundi mengine ya ulimwengu, ilikwenda na Shakespeare wa Kiswahili. Wanawake wa Heri wa Winsa, tafsiri ya Joshua Ogutu, ilimweka Mtanzania Mrisho Mpoto katika nafasi ya Falstaff, na Waingereza ambao hawakujua neno hata moja la lugha hiyo walicheka. Kinachopigiwa makofi London kinaweza pia kupewa Ijumaa moja Nairobi, na nyingine Mombasa.

Hii haina maana kwamba hakuna jipya lililozaliwa. Mwaka 2017, waandishi na wasimulizi Abu Sense na Ngartia walianzisha Too Early for Birds, maonyesho ya kusimulia historia ya Kenya kwa mchanganyiko wa Kiingereza, Kiswahili na Sheng. Hawakuanza na ofisi wala ruzuku. Walianza na hadithi ambazo vijana hawakufundishwa darasani. Toleo la Brazen la mwaka 2018, lililoandikwa na kuigizwa na wanawake, liliwarejesha jukwaani watu kama Chelagat Mutai na Field Marshal Muthoni. Toleo la mwaka 2019 lilimhusu Tom Mboya. Vijana walinunua tiketi, ukumbi ukajaa, na ile dhana kwamba Mkenya hulipia kicheko pekee ikapata pigo. Funzo lililopo hapa si kwamba kila kikundi kiigize historia. Ni kwamba wasanii hawa waliuliza kwanza hadhira yao inakosa nini, kisha wakatafuta umbo la kulijaza pengo hilo, badala ya kuchukua umbo lililozoeleka na kubadilisha majina ya wahusika.

Fikra mpya, hata hivyo, huhitaji hewa ya kupumulia. Katiba ya mwaka 2010 inataja uhuru wa ubunifu wa kisanaa waziwazi katika kifungu cha 33. Lakini mwaka 2013 mchezo wa Shackles of Doom wa Shule ya Wasichana ya Butere, uliotungwa na Cleophas Malala, ulipigwa marufuku katika tamasha la shule hadi Mahakama Kuu ilipoingilia kati. Aprili 2025 mambo yalijirudia, shule ile ile, mtunzi yule yule. Mchezo wa Echoes of War ulikuwa umeondolewa katika mashindano, mahakama ikaamuru uruhusiwe, na wasichana wakasafiri hadi Nakuru. Malala alikamatwa kabla ya kuwafikia. Polisi walirusha vitoa machozi kutawanya watu nje. Asubuhi ya Aprili 10 wasichana hao waliimba wimbo wa taifa na kuondoka bila kuigiza, wakisema hawana mwelekezaji, vyombo vya sauti wala hadhira. Ikiwa wanafunzi wanafanyiwa hivyo wakiwa na amri ya mahakama, si vigumu kuelewa kwa nini kikundi cha watu wazima chenye deni la ukumbi huchagua mchezo wa wakwe.

Linabaki suala la mahali. Mombasa ina Little Theatre Club, Nakuru ina ukumbi wa Nakuru Players, na miji mingi ina kumbi za kijamii zilizojengwa na mabaraza ya miji ya zamani. Nyingi ya kumbi hizo leo hutumika kwa mikutano ya siasa, harusi na ibada. Jedwali la nne la Katiba lilizipa serikali za kaunti jukumu la shughuli na vifaa vya utamaduni, na kaunti zimekuwapo tangu mwaka 2013. Ukumbi tayari una kuta na paa. Kuwapa vikundi viwili vya mtaani funguo zake kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, kwa kodi nafuu, ili wafanye mazoezi na kuonyesha mchezo mmoja kwa mwezi mzima, hakuhitaji jumba jipya wala jiwe la msingi. Pengine ndiyo sababu jambo hilo halifanyiki. Halina utepe wa kukata.

Kikundi kipya kikianzishwa leo kwa mtindo wa jana, basi kitakodi ukumbi ule ule kwa siku zile zile tatu na kufikia uamuzi ule ule. Kikianzishwa na kuunganishwa na ukumbi mmoja wa kaunti, na shule za eneo hilo, na mwandishi mmoja wa Kiswahili anayekubali kukaa mazoezini na kusahihishwa kama walivyosahihishwa waandishi wa Limuru, hesabu huanza kubadilika hata kabla ya ruzuku kutajwa.

Mtaala mpya nao umefungua mlango mmoja huku ukifunga mwingine. Miongoni mwa masomo ya mkondo wa sanaa na michezo katika sekondari pevu limo somo la maigizo na filamu. Shule zitakazolifundisha zitahitaji watu wanaojua kumfunza kijana kutumia sauti, mwili na jukwaa, ujuzi ambao walimu wengi hawakupewa vyuoni na ambao waigizaji wa vikundi vya kuzunguka wanao tayari. Wanafunzi wa kwanza wa mkondo huo watakamilisha Gredi ya 12 mwaka 2028, mwaka wa kwanza ambao basi la vitabu teule halitakuwa na watahiniwa wa 8-4-4 wa kuwaigizia.